Kuchonga Funguo Mwanjelwa

Miaka kumi na tisa nimebeba funguo hizi kiunoni,
wanafunzi wananijua kwa mlio kabla ya sura.
Chumba namba saba, chini ya Loleza:
darubini nne zimevikwa vitambaa
nilivyoshona mwenyewe kutoka pazia la nyumbani.

Utaratibu ulikuwa huu.
Wa shahada ya kwanza huja Jumatano, saa mbili,
humimina walichoambiwa wamimine,
maji yanageuka zambarau
kama yalivyogeuka mwaka jana, na mwaka juzi,
nao huandika: zambarau.
Asiyeiona hunakili kwa aliyeiona.
Saa nne nafunga.
Utafiti, tuliambiwa, ni wa wenye shahada mbili, tatu,
na wa wageni wanaokuja na majokofu yao.

Mwaka huu ikaja barua ya mstari mmoja na nusu:
mlango uwe wazi kwa wa mwaka wa pili,
wetu, na wa vyuo visivyo na chumba kama hiki,
Tukuyu, Mafinga, hata Makete kwenye ukungu.
Sikuifurahia, niseme kweli.
Nilihesabu bika zangu mara mbili.

Wa kwanza alikuwa Ngwitika, kutoka Tukuyu,
na mfuko wa sukari uliojaa mashina ya viazi,
udongo wa Isongole ukidondoka sakafuni kwangu.
Akauliza swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu:
kwa nini viazi vya bibi vinanyauka
majani yakiwa bado kijani?

Kijijini jibu lilikuwepo zamani.
Ni mfereji wa Tumwisege, jirani wa juu,
ndio unaoteremsha ugonjwa.
Tangu masika ya mwaka juzi
bibi na Tumwisege hawajapeana hata *ugonile*.

Nilimwonyesha: kata shina, lining'inize
kwenye glasi ya maji safi, usilipumulie.
Likiwa gonjwa, uzi mweupe hushuka taratibu
kama moshi uliosahau njia ya juu.
Akakaa mbele ya glasi arobaini,
koti mwilini, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
baridi ya Juni ikibisha hodi madirishani.
Mara ya kwanza uzi uliposhuka
alinishika mkono bila kunitazama.

Kisha mambo yakaharibika.
Umeme ulikatika siku mbili,
jokofu likatoka machozi, mashina yote yakaoza,
chumba namba saba kikanuka kama jalala la Uyole.
Akapanda basi, akaenda kung'oa mengine.
Bibi akamuuliza
kama siku hizi chuo kinafundisha kumaliza viazi.

Mwishowe aliandika, kwa kalamu, si penseli:
*Juu ya mfereji, mashina ishirini: kumi na moja yanaumwa.
Chini ya mfereji, ishirini: kumi.
Sijui ugonjwa unatoka wapi.
Nadhani si mfereji.
Labda mbegu. Nahitaji msimu mwingine.*

Nimepanga ripoti za miaka kumi na tisa kabatini,
zambarau juu ya zambarau,
sijapata kuona "sijui" iliyotiwa sahihi.
Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Sijasikia kama bibi amepanda kwa Tumwisege.
Ngwitika anasema amenyamaza tu,
anazichambua mbegu zake upya, moja moja,
na akimaliza anatazama mlimani.

Mlangoni kwangu sasa kuna kijana wa Makete
ana chupa sita za maji ya kisima,
na wawili wa Mafinga wanabishana kuhusu misonobari.
Wanakuja hata Jumapili. Nami nina kanisa.

Jumamosi nikashuka Mwanjelwa kwa mchonga funguo.
"Nichongee mbili," nikasema. Nikafikiri. "Tano."
Akapuliza unga wa shaba kwenye meno ya ule wa kwanza,
akacheka: "Mama, nyumba yako ina watoto wangapi?"

Nikamwambia, bado sijui.